Mnunuzi Mmoja, Chama Kimoja: Fundisho la Pamba ya Mto Tana

TAHARIRI

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa pamba wa mto Tana methali hiyo si fumbo; ni taarifa ya maisha yake. Yeye aliivisha nchi nguo, na yeye ndiye aliyebaki uchi. Hakuliwa na ukame na viwavi tu, ingawa vyote viwili alivipata. Aliliwa na sheria zilizotungwa bila yeye kuulizwa, na bodi zilizonunua jasho lake bila yeye kuwa na hiari ya kukataa, na Serikali ambayo hakuwa na njia yoyote ya kuiwajibisha.

Wako wasomaji watakaotuuliza: pamba ina uhusiano gani na kampeni ya mageuzi? Tulidhani mnatetea kura, Katiba na haki za binadamu. Mbona leo mmeingia shambani? Jibu letu ni fupi. Bei ya pamba ni suala la Katiba. Mwananchi asiyeweza kumchagua mnunuzi wa mavuno yake hana tofauti kubwa na mwananchi asiyeweza kumchagua kiongozi wake. Wote wawili hupangiwa, na wote wawili huambiwa washukuru. Anayetaka kulielewa jambo hili vizuri na aende Garissa, kisha ashuke na mto.

MTO NI MMOJA

Ukitoka mjini Garissa, ukavuka daraja hadi Madogo na kufuata barabara ya kusini kandokando ya mto, utafika Bura, na mbele zaidi Hola. Kwenye ramani ya utawala sehemu hizo zimo katika Tana River, nje ya iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ng'ambo ya pili, upande wa Fafi, iko Bura nyingine iliyomo ndani ya Garissa. Mistari ya ramani ilichorwa na watawala, maji hayaijui. Mpokomo anayelima ukingoni, Muorma anayechunga, Msomali anayeshusha ng'ombe wake mtoni wakati wa kiangazi, na mhamiaji kutoka bara aliyeletwa na mradi, wote wanakunywa maji ya mto mmoja na kuuza na kununua katika soko la Garissa. Linalotendwa upande mmoja wa mto lazima litaumiza au litaneemesha upande wa pili.

Historia ya pamba katika eneo hili ilianza vibaya. Mifereji ya kwanza ya Hola ilichimbwa wakati wa Hali ya Hatari, na mikono iliyoichimba ilikuwa mikono ya wafungwa wa kisiasa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa na askari hadi wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa katika mradi huo wa maji. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulifichuka, ukajadiliwa hadi katika Bunge la Uingereza. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu moja. Mkoloni aliondoka, lakini mawazo yake kwamba ardhi ya mto Tana ni mahali pa kuwapeleka watu na kuwaamuru, si mahali penye watu wa kuulizwa, hayakuondoka pamoja naye.

NDOTO YA BURA

Mwaka 1977 Serikali yetu na Benki ya Dunia zilikubaliana kuanzisha mradi mkubwa wa kunyunyizia maji mashamba huko Bura. Ndoto yenyewe ilikuwa tamu. Hekta 6,700 za nyika zingegeuka mashamba. Familia zaidi ya 5,000 zisizo na ardhi zingeletwa kutoka kila pembe ya nchi. Kila familia ingepewa ekari chache za kulima pamba ya kuuza na mahindi ya kula. Pamba ingelisha vinu, vinu vingelisha viwanda vya nguo, na nchi isingehitaji tena kuagiza kitambaa kutoka nje. Familia za kwanza ziliwasili mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ndoto hiyo ilikatika njiani. Mashamba yaliyowahi kutayarishwa hayakufika nusu ya yale yaliyoahidiwa. Yalikuwa kama hekta 2,500, na familia zilizopata makao zilikuwa kama 2,200. Gharama kwa kila familia ilipita kwa mbali makadirio ya awali. Malaria iliwapiga wageni ambao miili yao haikuuzoea ugonjwa huo. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli huko Nanighi, zikihesabiwa kuwa za muda tu mpaka mfereji wa mteremko ujengwe. Za muda zikawa za kudumu. Zilipoharibika, au mafuta yalipokosekana, pamba ilikauka shambani huku mto ukipita karibu.

Tutafakari kidogo juu ya mto huo. Huko juu, Serikali ilijenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Mto Tana ukawa mboni ya jicho la nchi, ukawasha taa za Nairobi na kuzungusha mashine za viwanda. Lakini mto huohuo ulipofika Bura, mkulima alitegemea lori la dizeli lisafiri mamia ya kilomita ili pampu ipate kunguruma. Ndiyo sura ya uchumi wetu kwa ufupi: raslimali inashuka kwa mkulima na mfugaji, faida inapanda kwenda mjini.

MPANGAJI ASIYE NA HAKI

Sisi wanasheria tumefundishwa kwamba ukitaka kujua hali ya mtu, usisikilize hotuba. Soma hati aliyotia sahihi. Mkulima wa Bura na wa Hola hakuwa mwenye shamba. Chini ya Sheria ya Unyunyizaji Maji ya mwaka 1966 na kanuni zake za mwaka 1977, alikuwa mwenye leseni tu. Leseni ilimtaka akae ndani ya mradi, alime zao aliloamriwa kwa wakati aliowekewa, asiondoke kwa muda mrefu bila idhini ya maandishi, na akabidhi mavuno kwa meneja wa mradi. Akipanda kisichoruhusiwa, mimea yake ingeweza kung'olewa. Akikaidi, angefukuzwa, na ukaidi wenyewe ulihesabiwa kuwa kosa. Mumewe akifariki, mjane hakuwa na urithi wa moja kwa moja. Mrithi alihitaji kibali.

Mwandishi wa tahariri hii amewahi kutembelewa ofisini na mama mmoja mjane kutoka mradi mmoja wa umwagiliaji ambao hatutautaja. Alileta mfuko wa karatasi zilizofifia. Ndani yake mlikuwa na hesabu za msimu baada ya msimu: makato ya trekta, makato ya maji, makato ya dawa ya wadudu, makato ya mbegu, makato ya magunia. Mwisho wa kila ukurasa paliandikwa deni, wala si malipo. Akauliza swali moja tu: "Wakili, ikiwa kila mwaka navuna na kila mwaka nadaiwa, je, ninamlimia nani?" Tulitafuta katika sheria iliyokuwapo mahali ambapo mama huyo angeshikilia haki yake. Palikuwa padogo mno.

Ndugu msomaji, huo ndio udikteta ulivyo ukiuvua magwanda na bendera. Hauhitaji jela kila siku. Unatosheka na leseni, meneja na kitabu cha makato.

PUNDA AFE, MZIGO WA BWANA UFIKE

Sasa tuangalie safari ya pamba yenyewe, maana ndipo uhusiano wa eneo na soko la taifa unapoonekana wazi.

Mkulima huvuna pamba pamoja na mbegu zake. Katika kila kilo tatu anazochuma, kinu cha kuchambulia hutoa karibu kilo moja ya nyuzi na karibu kilo mbili za mbegu. Nyuzi hufungwa marobota na kupelekwa kwenye viwanda vya kusokota na kufuma. Mbegu hukamuliwa mafuta ya kupikia, na masalia yake ni mashudu, chakula bora cha ng'ombe. Kwa hiyo shamba moja la pamba linaweza kuwalisha watu wengi: mchumaji, dereva, mchambuaji, mfumaji, mshonaji, mpika mafuta, na mfugaji. Mtu wa Garissa hapaswi kusema kwamba pamba si yake kwa kuwa yeye ni mfugaji. Mji wake una mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na mwaka wa ukame mfuko wa mashudu ndio unaoweza kutenganisha ng'ombe aliye hai na mzoga.

Lakini mnyororo huo ulikuwa na pingu moja katikati. Kwa miaka mingi mnunuzi wa pamba nchini alikuwa mmoja, nayo ni bodi ya serikali. Bei ilitangazwa kutoka Nairobi. Pamba iligawanywa daraja la kwanza na la pili, na aliyeamua daraja ni mnunuzi. Bodi iliuza kwa viwanda kwa bei ambayo nayo ilipangwa. Viwanda vilichelewa kulipa. Bodi ikachelewa kulipa vyama vya ushirika. Na vyama vikachelewa kumlipa mkulima, ambaye hakuwa na mtu wa kumchelewesha isipokuwa watoto wake. Miezi ilipita kati ya siku ya mizani na siku ya fedha. Mkulima asipolipwa, mwenye duka wa Bura hakulipwa. Mwenye duka asipolipwa, mfanyabiashara wa jumla wa Garissa hakulipwa. Na karo ya shule ikasubiri. Umaskini wa mji mzima uliweza kuanzia kwenye meza moja ya karani aliyekaa na hundi.

Sheria ilimkataza mkulima kumtafuta mnunuzi mwingine. Alibakiwa na kura moja tu, nayo ni kuacha kulima. Aliipiga kura hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi yetu ilizalisha takriban marobota 70,000 ya nyuzi kwa mwaka. Miaka kumi baadaye yalibaki kama 20,000. Viwanda ambavyo vilihesabiwa kuwa miongoni mwa waajiri wakubwa nchini vikaanza kukosa pamba. Kufikia mwaka 2000, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilikuwa zimefunga milango. Mfanyakazi wa Kisumu ambaye hajawahi kuiona Bura maishani mwake alipoteza kazi, na sehemu ya sababu ilikuwa ni mkulima wa mbali aliyechoka kudhulumiwa. Wanaodhani kwamba dhuluma inayotendwa pembezoni itabaki pembezoni na wajifunze hapo.

MFUGAJI ALIYESAHAULIWA

Tungekuwa wanafiki kama tungemlilia mkulima na kumsahau mfugaji. Kabla ya mradi wowote, ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Ukingo wa mto ulikuwa malisho ya kiangazi, na njia za kuwashusha ng'ombe mtoni, zinazoitwa malka, zilijulikana na kuheshimiwa na makabila yote. Mradi uliweka mifereji, mashamba na kambi juu ya sehemu ya malisho hayo. Hakuna aliyepiga kura juu ya jambo hilo. Katika kiangazi kikali mfugaji alijikuta kati ya ng'ombe wanaokufa kwa kiu na shamba la mtu mwingine aliyeletwa na Serikali, na mapigano yakaitwa ukabila. Maandiko yanatusimulia habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu; mfalme alilitaka, na vyombo vya sheria vikapatikana vya kumpa. Nabothi wa mto Tana hakuwa na shamba la mizabibu. Alikuwa na malisho.

Likafuata janga la mti. Ili kuzuia upepo na kupata kuni, miradi ya Hola na Bura ilipandwa mti wa kigeni ambao wananchi wanauita mathenge. Mti huo haukukaa pale ulipopandwa. Umeziba malisho, umeziba mifereji, umefunga njia za mtoni, na miba yake inajulikana na kila mchungaji. Wananchi wa Baringo, walioletewa mti huohuo, waliipeleka Serikali katika Mahakama Kuu mwaka 2006, na wakaleta hata mbuzi aliyeng'oka meno kuwa ushahidi. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka. Mbuzi yule alikuwa shahidi wa jambo zito: kwamba mradi unaoanzishwa bila kuwauliza watu humaliza kwa kuwatafuna.

Wala mfugaji wa Kaskazini Mashariki hakuwa na soko huru kuliko mkulima wa pamba. Tangu ukoloni, sheria za maeneo yaliyofungwa zilimzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali, na karantini za mifugo zilitumika kuwakinga walowezi wasishindane na ng'ombe wa kaskazini. Baada ya Uhuru, sheria za Hali ya Hatari ziliendelea kutawala mkoa huo hadi mwaka 1991. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulitangaza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye uwezo mkubwa wa kuzalisha, na kwa hiyo kaskazini ikaambiwa isubiri. Imesubiri. Katika kusubiri huko, mwaka 1980 Garissa ilichomwa moto na damu ya wananchi ikamwagika, na mwaka 1984 Wajir ikaishuhudia Wagalla. Mahali ambapo askari anaweza kuua bila kuulizwa, hakuna anayeweza kumuuliza karani kuhusu bei.

MWAKA WA MILANGO MITATU

Mwaka 1991 milango mitatu ilifunguliwa. Biashara ya pamba ilifunguliwa, bodi ikapoteza haki ya kuwa mnunuzi wa pekee. Sheria za Hali ya Hatari za Kaskazini Mashariki zilifutwa. Na mwezi Desemba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu mwaka 1982, kiliondolewa. Wengi walidhani kwamba vita vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha, na hapa ndipo fundisho letu lilipo. Soko la pamba lilifunguliwa, lakini barabara haikutengenezwa, pampu haikurekebishwa, hati ya ardhi haikutolewa, na mkopo wa mbegu na dawa, ambao bodi kwa ubaya wake wote ilikuwa ikiutoa, haukupata wa kuutoa. Wakati huohuo nguo kuukuu kutoka ng'ambo, mitumba, ziliruhusiwa kumiminika sokoni. Huko Hola mto ulikuwa tayari umehama mkondo wake mwaka 1989 na kuuacha mradi mkavu. Huko Bura mashamba yakarudi kuwa vichaka. Mkulima aliyekuwa na mnunuzi mmoja mbaya sasa hakuwa na mnunuzi hata mmoja. Uhuru wa soko bila sheria ni uhuru wa papa kumeza dagaa.

Je, siasa zetu hazikufuata njia hiyohiyo? Vyama vilikuwa vingi, lakini Katiba ilibaki ileile, machifu walewale, polisi walewale. Mwaka 1992 na mwaka 1997 wananchi waligawanyika, nyumba zikachomwa, na walioshinda walishinda bila wingi wa kura za wananchi. Kufungua mlango si kujenga nyumba. Ilichukua hadi mwaka 2010 kupata Katiba mpya, na waliofika huko walifika kwa magoti na kwa miguu: makasisi, maimamu, wanafunzi, kina mama, mawakili. Pamba nayo ilihitaji mapambano ya namna hiyo, na bado inayahitaji.

Wala tusidanganywe kwamba adui yuko nyumbani tu. Mataifa tajiri yamewalipa wakulima wao wa pamba ruzuku iliyoshusha bei ya dunia nzima. Brazil iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani na ikashinda mwaka 2005. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililia mwaka 2003. Na Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya Athi River vilishona mashati kwa maelfu, lakini kitambaa kingi kililetwa kutoka Asia. Sindano ilikuwa yetu, pamba ilikuwa ya wengine. Wasichana walioshona walipata kazi, nalo ni jema. Mkulima wa Bura hakupata kitu.

TUNALODAI LEO

Leo yapo mambo mapya. Sheria ya mwaka 1966 imefutwa na mahali pake pamekaa Sheria ya Unyunyizaji Maji ya mwaka 2019. Mfereji wa mteremko, uliongojwa tangu enzi za pampu za Nanighi, umejengwa. Pamba yenye jeni la kujikinga na viwavi iliidhinishwa Desemba 2019 na kuanza kupandwa na wakulima mwaka 2020. Rivatex imefufuliwa. Viongozi wanazungumza tena juu ya dhahabu nyeupe. Sisi hatupingi pamba. Tunapinga kurudia dhambi ileile kwa wino mpya. Kwa hiyo tunadai yafuatayo.

Kwanza, ardhi. Mkulima wa mradi apewe hati inayotambulika mahakamani, yenye jina la mume na mke, isiyofutwa kwa barua ya meneja. Na ardhi ya malisho isajiliwe kwa jamii zake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 kabla ya kipande kimoja zaidi kuchukuliwa kwa jina la maendeleo.

Pili, malka. Kila njia ya mifugo kwenda mtoni ipimwe, iwekewe alama na ilindwe kisheria. Kati ya mwezi Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana kwa ugomvi ambao mzizi wake ni malisho, maji na siasa mbaya. Kila njia inayozibwa leo ni kaburi linalochimbwa kwa ajili ya kesho.

Tatu, malipo. Mkataba wa pamba utaje bei au namna ya kuipata, utaje siku ya malipo, na utaje riba kwa anayechelewesha. Mizani ikaguliwe, na mwakilishi aliyechaguliwa na wakulima asimame kando yake. Anayepanga daraja la pamba asiwe yeye anayeinunua.

Nne, mbegu. Mbegu mpya ni chotara, nayo hununuliwa upya kila msimu. Haifai kumwondoa mnunuzi mmoja na kumsimika muuzaji mmoja. Utafiti wa mbegu ubaki pia mikononi mwa taasisi za umma, na mkulima awe na chaguo.

Tano, kinu karibu na shamba. Ikiwa pamba ya Tana itachambuliwa mbali, mafuta na mashudu yatabaki mbali. Kinu kikiwa karibu, mashudu yatawafikia wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera, na mkulima na mfugaji watakuwa na sababu ya kufanya biashara badala ya kupigana.

Sita, mathenge. Serikali iliyouleta mti iulipie gharama ya kuudhibiti.

NENO KWA MAKANISA NA WANAHARAKATI

Makanisa ya nchi hii yalisimama yalipoona kura ya mlolongo mwaka 1988, watu wakihesabiwa wakiwa wamepanga foleni, na foleni ndefu ikatangazwa kuwa fupi. Yalikemea kwa sababu yalielewa kwamba hesabu ya uongo ni dhambi. Tunawaomba wayaelekeze macho yaleyale kwenye mizani ya pamba. Maandiko yanaikemea mizani ya udanganyifu, na waraka wa Yakobo unasema kwamba ujira uliozuiwa hulia hata ukasikika mbinguni. Jirani zetu Waislamu wa Garissa wanayo sura nzima ya Kurani inayowashutumu wapunjao vipimo. Basi hapa hakuna dini ya kugombania. Padri, mchungaji na imamu wanaweza kukaa meza moja, wakasoma mkataba mmoja pamoja na wakulima na wafugaji, kifungu kwa kifungu, kwa lugha wanayoielewa.

Kwa wanaharakati tunasema hivi: msitosheke na mikutano ya mijini. Katiba ya mwaka 2010 inampa mwananchi haki ya kushirikishwa katika maamuzi, haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola, na haki ya kutendewa kwa uadilifu na maafisa wa serikali. Haki hizo hazina maana zikibaki Nairobi. Zipelekeni Bura. Zipelekeni Hola, Fafi na Madogo. Ombeni kwa maandishi nakala ya mikataba ya miradi ya maji. Mkikataliwa, nendeni mahakamani. Mkishindwa, rudini tena.

Yule mama mjane aliuliza anamlimia nani. Tunakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tulizikunja karatasi zake, tukazirudisha katika mfuko wake, akaondoka kuwahi basi. Swali lake halijaondoka. Serikali yoyote, ya chama chochote, itakayokuja kuomba kura kando ya mto Tana na ilijibu hilo kwanza.